"Acha kuwaza" haiponyi sonona

Huku Mtwara, mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, huambiwa: "Acha kuwaza, utapona." Nia ni njema, lakini wazo likifukuzwa kwa nguvu hurudi. Mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwataka watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika 5. Walimuwaza tu: ili uhakikishe wazo halijaingia, lazima ulichungulie.

Basi litaje. Umekaa barazani unabangua korosho, mara linakuja: "Mimi ni mzigo." Jiambie: "Nimepata wazo kwamba mimi ni mzigo." Usibishane nalo. Rudisha macho na vidole kwenye kazi, ganda linavyopasuka, punje inavyotoka nzima au nusu. Litarudi, pengine mara 20 asubuhi moja, nawe unarudia vilevile. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameshindwa, kumbe kurudia huko ndiko zoezi lenyewe.

Hali ikizidi wiki 2, nenda hospitali. Kuna tiba ya mazungumzo na dawa. Dawa huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, usiziache katikati. Wazo la kujiua halisubiri zoezi: mwambie mtu sasa hivi, asikuache peke yako, mwende hospitali siku hiyohiyo.