Fanksheni ya kwenye "lugha ya kifanksheni"

Juzi kwenye mafunzo ya kuandika programu kijana mmoja alinigeukia akasema, "Kaka, hata Python ina fanksheni, kwa hiyo nayo ni lugha ya kifanksheni." Kabla sijamjibu, mwenzake akadakia: "Hapana, kifanksheni maana yake ya kikazi. Ni lugha ya kazi maalumu, kama Erlang. Huku mtaani haina matumizi." Kauli hizi mbili nimeshazisikia mara nyingi mno, na zote zinapotosha.

Lugha ya kifanksheni ni lugha ya kompyuta ambayo programu hujengwa kwa kuunganisha fanksheni za kihesabu, na kwa kawaida thamani ikishapewa jina haibadilishwi. Maana ni hiyo tu. Kinachowapoteza watu ni neno lenyewe.

Asili yake ni Kilatini, *functio*, yaani kutekeleza au kutimiza wajibu. Kutoka hapo neno lilishika njia mbili. Njia ya kwanza ndiyo tunayoitafsiri kwa "kazi": kazi ya moyo ni kusukuma damu. Njia ya pili ilianza mwishoni mwa karne ya 17, pale mwanahisabati Leibniz alipolichukua neno hilo na kulitia kwenye hesabu za mikunjo. Karne iliyofuata mwanahisabati mwingine, Euler, akatuachia maandishi tunayoyajua wote tangu sekondari, f(x). Huku fanksheni ni uhusiano: kila kinachoingia kina jibu lake moja. Kama fanksheni ni ya kipeo cha pili, ukiipa 3 inakupa 9. Uipe leo au mwakani, uwe Kigoma au Lamu, ni 9.

Waandishi wa programu wakaliazima neno hilo, kisha wakalilegeza. Katika lugha nyingi, fanksheni ni fungu lolote la maagizo lililopewa jina. Linaweza kusoma saa, kufuta faili, au kutoa jibu hili asubuhi na jingine jioni. Mwalimu wa hesabu hawezi kukubali kwamba hiyo ni fanksheni. Kwake huo ni utaratibu tu wa kufuatwa. Pascal, lugha ya mwaka 1970, ilikuwa na neno lake kwa utaratibu na neno jingine kwa fanksheni. Natamani tungebaki na utengano ule, maana mkanganyiko wote huu umeanzia pale ulipopotea.

Kwa hiyo "kifanksheni" imetoka kwa Euler, haikutoka kwenye "kazi". Fungua Erlang uone. Andika X = 5. Inakubali. Sasa andika X = 6. Inakataa, inakuambia kwamba 6 ya upande wa kulia hailingani na kilichopo. Kwenye Erlang alama ya = ni dai la usawa, kama ubaoni darasani: ukishasema X ni 5, huwezi mstari unaofuata kusema ni 6. Sisi kwa Kiswahili X tunaiita kigeu, na hapa kigeu hakigeuki. Mgeni wa lugha hizi hukwama hapo siku ya kwanza, nami nilikwama.

Na matumizi yake yanatokana na ukaidi huohuo. Erlang ilianza mwaka 1986 Sweden, ndani ya Ericsson, mikononi mwa Joe Armstrong na wenzake, kwa ajili ya mitambo ya simu. Mtambo wa simu hubeba maelfu ya maongezi kwa wakati mmoja, na ni marufuku moja likiharibika liyaangushe mengine. Erlang hukipa kila kinachoendelea mchakato wake na kumbukumbu yake. Kwa kuwa hakuna mchakato unaoweza kuingiza mkono kwenye data ya jirani, mmoja ukifa unazikwa peke yake, na mchakato mwingine uitwao msimamizi unauanzisha upya. Seva za WhatsApp zimejengwa kwa Erlang. Facebook ilipoinunua mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 kwa mwezi, na wahandisi wasiozidi dazeni tatu. Yule aliyesema lugha hii haina matumizi mtaani, kikundi chake cha kamati ya harusi kinapita humohumo.

Niongeze jambo moja, maana watu huruka kutoka kosa hili kwenda jingine: lugha ya kifanksheni si lazima iwe safi, yaani yenye fanksheni zisizofanya lolote ila kutoa jibu. Kutuma ujumbe ni tendo, na Erlang hutuma ujumbe muda wote popote unapotaka. Lugha nyingine, Haskell, ndiyo inayotenga matendo na fanksheni kwa ukali, hata aina ya thamani inakuonyesha kipi ni kipi.

Basi mdogo wangu, Python ina fanksheni, hapo umesema kweli, na unaweza kuandika ndani yake kwa mtindo wa kifanksheni ukijizuia mwenyewe. Ila kuiita lugha ya kifanksheni bado, kwa sababu ukiandika X = 6 chini ya X = 5 itakupokea bila swali. Na mwenzako, "ya kikazi" aiachie ziara ya waziri. Hapa aseme tu ya kifanksheni, tutaelewana.