Mshindi wa Mdahalo Si Lazima Awe Mkweli

Dhana: Aliyeng'ara kwenye mdahalo ndiye aliyekuwa na ukweli

Asubuhi ya baada ya mdahalo, kwenye matatu na vijiweni, swali huwa moja tu: nani kambwaga nani? Nani kadanganya, hilo huulizwa baadaye, kama litaulizwa.

Chukua mdahalo wa Joe Biden na Donald Trump mjini Atlanta, tarehe 27 Juni 2024. Kura ya maoni ya haraka ya CNN, iliyoandaa mdahalo huo, ilionyesha asilimia 67 ya watazamaji waliohojiwa wakimpa Trump ushindi. Mhakiki wa kituo hichohicho, Daniel Dale, alihesabu kauli zisizo za kweli: za Trump zilifika 30 na zaidi, za Biden zisizopungua 9. Wote wawili walipotosha, ila aliyepotosha mara tatu ya mwenzake ndiye aliyetawazwa. Gumzo lote lilikuwa sauti ya Biden iliyokwaruza na sentensi alizoziacha njiani, na tarehe 21 Julai akajitoa kwenye kinyang'anyiro. Sisemi watazamaji walikosea. Kuuliza kama mzee wa miaka 81 ataimudu kazi ni haki yao. Lakini walichokipima usiku ule kilikuwa uwezo wa mtu, na ukweli wa maneno yake ukabaki bila kupimwa.

Utaratibu wenyewe unachangia. Kila mgombea alipewa dakika mbili za kujibu, na dakika moja ya kumjibu mwenzake. Aliyezoea majukwaa anaweza kurusha madai matano katika dakika mbili. Kuliangusha moja tu kwa takwimu kunakula dakika yako yote, na yale manne yanapita salama.

(Kile kisa cha mdahalo wa urais wa Marekani wa mwaka 1960, kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi na waliotazama televisheni wakampa Kennedy, nacho kichukuliwe kwa tahadhari. Kinaegemea zaidi kura ya maoni ya kampuni moja, iliyowahoji wasikilizaji wachache wa redio.)

Dhana: Kazi ya mwendeshaji ni kushika saa, akisahihisha anapendelea

Hili JD Vance alilitamka waziwazi tarehe 1 Oktoba 2024, alipokabiliana na Tim Walz kwenye mdahalo wa wagombea wenza wa urais wa Marekani, kituoni CBS. Mwendeshaji aliposema kwamba Wahaiti wengi wa mji wa Springfield, Ohio, wako nchini kihalali, Vance alilalamika kuwa sheria za mdahalo hazikuruhusu waendeshaji kuhakiki kauli. Vipaza sauti vikazimwa.

Ni kweli kwamba mwendeshaji hawezi kusahihisha kila kitu papo hapo, na akijaribu atamgusa mmoja zaidi ya mwingine. Nguvu yake kubwa iko kwenye swali la pili, lile la kufuatilia baada ya jibu la kwanza kuteleza.

Kenya iliona hilo katika mdahalo wake wa pili wa urais, tarehe 25 Februari 2013, shuleni Brookhouse, Nairobi. Mada ilikuwa ardhi. Ukimuuliza mwanasiasa yeyote wa Kenya msimamo wake kuhusu ardhi, utapata hotuba nzima kuhusu haki, hatimiliki na maskwota, na hutaweza kupinga hata neno moja. Usiku ule Uhuru Kenyatta alibanwa kuhusu ardhi ya familia yake, ikapatikana namba: ekari 30,000 huko Taita Taveta. Hiyo ni zaidi ya kilomita za mraba 120. Namba kama hiyo mwandishi anaweza kuondoka nayo hadi masijala ya ardhi. "Tutaleta mageuzi ya ardhi" utaipeleka wapi?

Ndiyo maana wahakiki kama PesaCheck na Africa Check huokota kauli zenye namba, tarehe au majina. Ahadi tupu hazihakikiki, na wagombea wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Cha kusikitisha, wengi wanakumbuka zaidi kijembe cha Raila Odinga katika mdahalo wa kwanza, kwamba huwezi kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague (Uhuru alikuwa na kesi huko, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai). Kilichekesha sana, nakubali.

Dhana: Anayeingia mitini anajimaliza

Kenya mwaka 2017, Uhuru hakufika kwenye mdahalo, Raila akajibu maswali peke yake, na aliyetangazwa mshindi ni Uhuru (Mahakama ya Juu ikaja kuufuta uchaguzi huo tarehe 1 Septemba). Mwaka 2022 Raila ndiye aliyesusa, Ruto akasimama peke yake, na Ruto akashinda kwa asilimia 50.49. Uganda mwaka 2016, Museveni alikosa mdahalo wa kwanza, akaja wa pili, akashinda. Kanuni haipo hapo. Anayepoteza kwa hakika ni mtazamaji, maana mgombea aliye peke yake hana mpinzani wa kumkatiza na kumwambia, "Mswada huo uliupinga bungeni."

Dhana: Ni maigizo tu, hayabadilishi kitu

Hapa wenye shaka wana ushahidi. Watafiti Caroline Le Pennec na Vincent Pons walichambua uchaguzi 62 katika nchi 10, pamoja na midahalo 56 ya televisheni, wasione kwamba midahalo iliwasaidia wapiga kura kufikia uamuzi wao.

Lakini hizo ni chaguzi ambazo wapiga kura wake tayari wanawafahamu wagombea vizuri. Sierra Leone mwaka 2012, wagombea ubunge walirekodiwa wakijadiliana, kisha filamu zikaonyeshwa vijijini kwenye skrini za kuhamishika. Waliotazama walijua zaidi sera za wagombea, na waliofanya vizuri kwenye mdahalo wakaongeza kura. Kisha likatokea jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko kura: wabunge waliochaguliwa kwenye majimbo yaliyoonyeshwa midahalo hiyo walifika jimboni mara nyingi zaidi, na fedha zao za maendeleo zilionekana zaidi kwenye miradi ambayo mtu angeweza kwenda kuikagua kwa macho.