Wasiwasi unaponong'ona: maswali na majibu kuhusu hofu, fikra zinazojipenyeza na tiba inayojua ulikotoka

Mimi ni mshauri nasaha hapa Kampala, na kazi yangu kubwa naifanya kwa Kiswahili. Wanaokuja ni Wanubi kutoka Bombo, Wakongomani waliopitia kambi ya Nakivale, wake wa askari, wachuuzi wa Kisenyi. Maswali yafuatayo nayasikia karibu kila wiki.

Namwogesha mtoto kwenye beseni, mara fikra inanijia: "mzamishe." Nampenda mwanangu kupita kiasi. Nimerogwa?

Hapana, mama, na wala huna roho mbaya. Hiyo ni fikra inayojipenyeza. Huja bila kualikwa, na hutisha kwa sababu hugusa kile unachokithamini kuliko vyote. Mama huwaza kumdhuru mwanawe, mcha Mungu huwaza matusi akiwa kwenye sala, mtu mpole huwaza kumsukuma mwenzake mbele ya taksi. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2014, uliohoji wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, yalionyesha kuwa karibu 94 kati ya kila 100 walikuwa wamepata angalau fikra moja ya aina hiyo katika miezi 3 iliyopita.

Kwa hiyo kupata fikra peke yake si ugonjwa. Shida huanza pale unapoichukua fikra kana kwamba ni nia. Unaacha kumwogesha mtoto, unaficha visu, unamuuliza mumeo mara ishirini kwa siku kama wewe ni mama mwema, na siku nzima inaishia hapo. Hali hiyo, ya fikra zinazong'ang'ania na matendo ya kujituliza yanayorudiwa tena na tena, madaktari huiita OCD. Ina tiba, na watu hupata nafuu.

Mbona nikijikaza nisiifikirie ndiyo inazidi?

Jaribu hili: kwa dakika moja usimfikirie kaloli, yule ndege mkubwa mwenye upara anayesimama juu ya mapipa ya taka mjini kwetu. Umeshamwona, sivyo? Ili ujue kama umeacha kumfikiria, akili lazima imkague, na kila inapomkagua inamleta tena.

Ndiyo maana tiba haikufundishi kuifukuza fikra. Inakufundisha kuiacha ipite huku ukiendelea na shughuli yako, na kukikaribia unachokiogopa hatua kwa hatua, bila kufanya lile tendo la kujituliza. Mama aliyeficha visu ataanza kwa kukishika kisu akiwa na mshauri, kisha atakata kitunguu, kisha atakata kitunguu mtoto akiwa jikoni. Hofu itapanda, halafu itashuka yenyewe. Kwa kawaida kazi hii huchukua wiki 12 hadi 20.

Lugha ina uzito gani? Si daktari anajua kazi yake?

Ina uzito mkubwa, na hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wakiumia.

Neno letu *wasiwasi* limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Waswahili tumeliweka neno moja kwa hofu ya moyo na kwa ile fikra inayochokonoa ndani. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Kuna kitu kinaniambia nimtupe mtoto." Mswahili akisikia anaelewa: mtu huyu anasumbuliwa na mawazo. Lakini kauli hiyo ikipita kwa mkalimani aliyechoka, na kufika kwa mhudumu asiyeijua lugha, inaweza kufika kama "anasikia sauti." Kusikia sauti ni dalili ya maradhi mengine kabisa, na dawa zake ni nyingine. Mtu anarudi nyumbani na vidonge vinavyomlaza mchana kutwa, na fikra yake iko palepale.

Ni vivyo hivyo kwa "moyo unanienda mbio," "kichwa kimejaa," "roho haitulii." Mwingine husema "presha imenipanda" ilhali kipimo kinaonyesha yuko sawa. Waganda nao wana *ebirowoozo*, mawazo, na mtu akisema yamemzidi, kila mtu anajua anachougua. Mshauri mzuri huuliza kwanza, "Wewe mwenyewe unaiitaje hali hii?" kabla hajaipa jina lake.

Lakini kukaa na kuzungumza si mambo ya Wazungu?

Shangazi, *ssenga* wa Waganda, kungwi, somo: hawa wote walikuwa wakifanya nini? Tofauti ni kwamba shangazi ni wa ukoo, na siri yake ina njia ya kutokea. Ya mshauri haipaswi kutoka, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini.

Tena Uganda yenyewe ina la kuufundisha ulimwengu. Katika maeneo ya Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza wanakijiji kwanza majina yao wenyewe ya huzuni, wakapewa *okwekyawa*, kujichukia, na *okwekubagiza*, kujihurumia. Kisha vikundi vikakutana wiki 16, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Ule ulikuwa mradi wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, si wa OCD, ila umeonyesha kwamba tiba ikianza na maneno ya watu wenyewe inashika.

Shehe anasema ni shetani, mchungaji anasema nikeshe nikiomba. Niache dini ili nipone?

Usiache. Ila iwe mshirika wa tiba, isiwe sehemu ya ugonjwa. Masahaba walimlalamikia Mtume kuhusu fikra wasizothubutu hata kuzitamka, naye akawaambia hiyo ni dalili ya imani iliyo wazi, kwa vile zinawachukiza. Kwa anayerudia udhu mara kumi, wanazuoni wana kanuni: yakini haiondolewi na shaka. Namwomba shehe ampe mgonjwa kanuni hiyo, aoshe mara tatu na asimame hapo. Mlokole anayetubu dhambi ileile kila siku, namwomba mchungaji wake akubali toba moja tu. Anayekuambia uache dawa ndipo Mungu akuponye, huyo tusimsikilize.

Mimi nimezaliwa Uganda, lakini nikifungua mdomo kwa Kiswahili naulizwa nimetoka wapi. Hilo nalo ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Ni mzigo, na mzigo ukibebwa miaka mingi unaumiza. Hapa Kampala wapo wazee ambao Kiswahili, lugha ya askari wa zamani, kinawakumbusha bunduki na vizuizi vya barabarani, na kijana wa leo anadaiwa deni la wakati ambao hakuwepo. Mnubi anaitwa mgeni ilhali Katiba inaitaja jamii yake miongoni mwa jamii za asili za Uganda. Mkongomani anabadilisha jina ili apate chumba cha kupanga. Mwili unakaa macho wakati wote, usingizi unakatika, na fikra zinazojipenyeza hupenda kuja wakati kama huo.

Mshauri asikuambie "zoea tu." Kazi yake ni kukusaidia kutenganisha hatari iliyopo kweli na ile ambayo mwili unaikumbuka, kisha kutafuta pale ambapo huhitaji kujificha. Wengine hupata nafuu kubwa siku wanapolitamka jina lao kamili mbele ya kikundi.

Dawa je?

Fluoxetine na ndugu zake husaidia, lakini kwa OCD huenda ukangoja hadi wiki 12, na usizikatishe ghafla. Valium ya kununua dukani hutuliza usiku mmoja na kukufanya mtumwa wake.

Niende wapi?

Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Gulu, Mbale, Masaka na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili. Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili hapa Kampala, imekuwepo tangu 1955, na inaniuma kwamba jina lake limegeuzwa tusi, maana wengi hutibiwa pale na kurudi kwao siku hiyohiyo. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ilifuta ile ya enzi za mkoloni.

Usingoje miadi ukiwa unapanga kujiua, au ikiwa mama aliyejifungua karibuni anasikia sauti za kweli au anaamini mtoto ni jini. Hapo ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Nikifika nitasema nini?

Anza hivi: "Nina fikra zinazonijia bila hiari yangu. Sizitaki, na zinanitisha. Ni mawazo yangu mwenyewe, si sauti ninayoisikia masikioni. Nimeanza kuogopa kumwogesha mtoto." Kama unasikia sauti kweli, sema hivyo bila kuficha. Ukishindwa kutamka, iandike kwenye simu, umpe mhudumu asome.