Msimwambie mama aache Kihispania

Wazazi wengi waliohamia Marekani kutoka Meksiko au Guatemala hunijia wakiwa wameshapewa ushauri: mtoto wa miaka miwili anachelewa kusema, basi acheni Kihispania nyumbani, ongeeni Kiingereza tu. Ushauri huu unaniuma, maana mara nyingi mtoto hana tatizo lolote. Aliyempima ndiye aliyehesabu nusu.

Mchukue mtoto anayeshinda asubuhi na bibi yake, mchana akapelekwa chekechea. Jikoni amejifunza leche (maziwa), agua (maji), zapato (kiatu). Kwa mwalimu amejifunza rangi na wanyama kwa Kiingereza. Tuseme ana maneno 30 ya Kihispania na 25 ya Kiingereza. Kwa kipimo cha Kiingereza peke yake ataonekana yuko nyuma sana. Jumlisha: ana 55. Mtafiti Barbara Pearson na wenzake walilionyesha hili Miami mwaka 1993. Erika Hoff na wenzake wakalikuta tena kusini mwa Florida, katika utafiti uliochapishwa 2012: ukipima lugha moja moja, watoto wa lugha mbili walikuwa nyuma, ukijumlisha zote mbili, walilingana na wenzao wa lugha moja. Saa za siku ni zile zile, na wao wanazigawa.

Mimi kinachonishughulisha zaidi ni mtoto anaongeleshwa kiasi gani. Watafiti Adriana Weisleder na Anne Fernald walirekodi watoto 29 wa miezi 19, wa familia za kipato cha chini zinazosema Kihispania. Kwa siku moja, mmoja aliambiwa maneno zaidi ya 12,000; mwingine 670 tu. Walioongeleshwa sana ndio waliokuwa na msamiati mpana walipofika miezi 24. Mazungumzo ya watu wazima waliyoyasikia pembeni tu hayakuwapa faida hiyo.

Sasa mkataze mama Kihispania. Kiingereza chake kinamtosha kuuliza bei na kujaza fomu. Hadithi, utani, kubembeleza, kukaripia, vyote anavyo kwa Kihispania. Atabaki kimya, na mtoto atakosa kote kuwili.

Kuchanganya lugha katika sentensi moja si ugonjwa. Wasiwasi wangu uko kwa mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kwa lugha yoyote, au asiyegeuka akiitwa. Huyo apimwe masikio kwanza, kisha usemi wake upimwe na mtu anayejua lugha zote mbili. Hata tiba ikianza, mama aendelee kumwongelesha kwa Kihispania.