Homa ya uti wa mgongo: nani apewe dawa ya kinga?

Mwanafunzi wa bweni moja na binti yangu hapa Dodoma amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Binti yangu haumwi. Dawa ya nini?

Bakteria wa meningokoko, mmoja wa wanaoleta homa hii, anaweza kukaa kooni mwa mtu mzima wa afya bila dalili, akasambaa kwa mate na makohozi. Dawa humfagia humo kooni kabla hajaingia kwenye damu. Inafaa itolewe ndani ya saa 24 tangu mgonjwa agundulike, kwa hiyo usingoje Jumatatu. Zikipita siku 14, faida yake ni ndogo mno.

Shule nzima imeze?

Hapana, ingawa hofu ikiingia kila mzazi anataka chake. Wanaohusika ni waliolala naye chumba kimoja, watu wa nyumbani kwake, na waliogusana na mate yake, mfano kwa kubusiana, katika siku 7 kabla hajaugua. Aliyepanda naye daladala ya Sabasaba hamo. Hata muuguzi hamo, labda kama alimpulizia pumzi mdomo kwa mdomo.

Ni dawa gani?

Mtu mzima hupewa siprofloksasini miligramu 500, kidonge kimoja, basi. Mjamzito huchomwa sindano moja ya seftriaksoni. Ipo pia rifampisini, ya siku 2, asubuhi na jioni. Hii hugeuza mkojo rangi ya chungwa (si damu, usikimbie), na hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya ARV. Kama unazitumia, sema. Dozi ya mtoto hupangwa na mhudumu.

Si ninunue tu duka la dawa?

Usinunue. Homa hii ina visababishi vingi. Ikiwa imeletwa na nimokokasi (bakteria wa aina nyingine), kifua kikuu au fangasi, waliomzunguka mgonjwa hawahitaji dawa hii. Daktari akishapima maji ya uti wa mgongo, muulize: ni meningokoko? Akishuku hivyo tu, anaweza kuanza kuwapa kinga kabla ya majibu.

Akishameza tumemaliza?

Bado. Mwangalie kwa siku 10 hivi: homa, kichwa kikali, shingo kukakamaa, kuchukia mwanga, madoa mekundu yasiyopotea ukiyabonyeza. Kwetu homa ikipanda twasema malaria. Hata kipimo cha malaria kikionyesha anayo, shingo ikikaza mpeleke hospitali usiku huohuo, na umwambie wa mapokezi kwamba alilala chumba kimoja na mgonjwa.