Je, wajua kwa nini ndege ya kuvuta glaida hubadilishwa propela badala ya injini?

Glaida ni ndege isiyo na injini. Ikishafika juu hujitafutia hewa ya joto inayopanda na inaweza kukaa angani kwa saa nyingi, lakini kwanza lazima kitu kiifikishe huko. Klabu nyingi za Ulaya hutumia ndege ndogo yenye injini, ambayo huikokota kwa kamba ndefu hadi kama mita 600, kisha rubani wa glaida huachia kamba.

Tatizo ni kwamba nyingi ya ndege hizi za kuvuta asili yake ni ndege za safari. Chukua Robin DR400 ya Ufaransa, yenye injini ya nguvu za farasi 180. Peke yake husafiri kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ikiwa na glaida nyuma, hupanda kwa mwendo wa kilomita 120 hivi kwa saa.

Propela isiyobadilika pembe hupimwa kwa hatua yake, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa kila mzunguko, kama hewa isingeteleza. Ya hatua ya sentimita 152, kwa mizunguko 2,700 kwa dakika, ingekwenda kilomita 246 kwa saa. Hiyo inafaa kwa safari. Kwenye kilomita 120, mapanga yake hukutana na hewa yakiwa yamelala vibaya, hewa inayazuia, na injini inabanwa: mafuta umefungua yote, lakini mshale wa mizunguko unagoma kwenye 2,400. Ni lori lenye shehena linalopanda mlima kwa gia ya nne.

Mizunguko ikipungua, nguvu nayo hupungua karibu kwa kiwango hichohicho. Kwa 2,400 badala ya 2,700, farasi 180 wanabaki 160. Ishirini unao, umewalipia, lakini hawafanyi kazi.

Unaweza kudhani farasi 20 si kitu. Tupige hesabu. Ndege na glaida ya watu wawili, pamoja kilo 1,500, zikipanda mita 3 kwa sekunde, kazi ya kupanda peke yake inakula farasi 60 tu. Wengine wote humalizwa na ukinzani wa hewa na upotevu wa propela yenyewe. Kwa hiyo hata nusu tu ya wale 20 wakifika hewani, kasi ya kupanda inakuwa mita 3.5, na safari ya mita 600 inapungua karibu nusu dakika. Siku ya mivuto arobaini, hayo ni mafuta ya kutosha kabisa. Ndiyo maana propela ya kupandia, yenye hatua fupi, naiona ni matumizi ya busara kuliko injini kubwa.

Kwa nini basi nyingine zina mapanga manne? Hapo sababu kubwa ni kelele. Propela ya kipenyo cha sentimita 193 ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha zake hukimbia mita 273 kwa sekunde, na sauti yenyewe hukimbia takriban 340. Kadiri ncha zinavyoukaribia mwendo huo, mlio unapanda vibaya sana. Mapanga mengi mafupi hupunguza kasi ya ncha. Ujerumani, ambako sheria hubana ndege zenye kelele kwenye baadhi ya viwanja vidogo siku za wikendi, majirani wana sauti kuliko wahandisi, na watengenezaji kama Hoffmann na MT-Propeller wana soko la uhakika.

Gharama yake ipo. Ndege ya hatua fupi ni goigoi safarini, na rubani akishusha pua kwa haraka ili akachukue glaida inayofuata, injini huvuka kikomo cha mizunguko upesi asipopunguza mafuta. Propela inayojibadilisha pembe humaliza shida zote mbili, ila ni nzito, ghali, na ina matengenezo yake. Tena huwezi kufunga yoyote uipendayo: lazima iwe imeidhinishwa kwa ndege hiyo na injini hiyo, maana kuna jozi za injini na propela zinazotetemeka kwenye mizunguko fulani, na rubani haruhusiwi kukaa hapo muda mrefu.