Mfamasia anaijua dawa, mgonjwa je?

Chukua mgonjwa huyu. Ana VVU, anatumia TLD (dawa ya kufubaza VVU yenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), kidonge kimoja kwa siku, na wiki hii ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Mwanafunzi wa famasi aliye mafunzoni anapokea cheti dirishani, anahesabu vidonge, anaandika kwenye bahasha na kumwambia: "Vinne kwa pamoja asubuhi, kabla hujala." Kwa mitihani tuliyofanya sisi, angepata alama zote.

Lakini vidonge hivyo vya kifua kikuu vina rifampisini, inayochochea vimeng'enya vya ini hadi dolutegraviri iliyomo kwenye TLD inavunjwa upesi mno na kupungua nguvu. Mgonjwa alitakiwa kuongezewa dolutegraviri ya miligramu 50, aimeze saa 12 baada ya TLD, na aendelee nayo hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Hakuna aliyemuuliza ana dawa gani nyingine nyumbani. Hata kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa hakuambiwa. Kesho akiuona atadhani ni damu, na dawa ataziweka kando.

Mwambie mwanafunzi huyohuyo akuchoree muundo wa kemikali wa rifampisini. Atauchora, na si muundo mdogo! Ndivyo tulivyomfundisha sisi walimu wake.

Mitaala yetu imebeba mengi ya zama ambazo mfamasia alisaga kwa kinu na kuchanganya mikscha mwenyewe. Siku hizi dawa nyingi zinatoka kiwandani zikiwa tayari, na kazi imehamia kwa mgonjwa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliliona mapema: mwaka 1966 waliwapandisha wafamasia ghorofa ya 9 ya hospitali, wakafanye kazi wodini pamoja na madaktari na wauguzi. Mwaka 1990 wataalamu wa famasi Hepler na Strand wakaandika kwamba mfamasia awajibike kwa kile dawa inachomfanyia mgonjwa. Uingereza nayo, wahitimu wapya wanaosajiliwa kuanzia 2026 wanaweza kuandikia wagonjwa dawa wenyewe. Hilo la mwisho sisi tusilikimbilie, kwanza tujifunze kuuliza.

Hapa Tanzania shahada ni miaka 4, kisha mwaka mmoja wa mafunzo tarajali. Kwa maoni yangu mwanafunzi akae dirishani tangu mwaka wa kwanza, hata kama kazi yake ni kusikiliza tu. Kifua kikuu kifundishwe mara moja: kemia yake, dozi zake na mgonjwa wake, badala ya kutawanywa kwenye masomo matatu yasiyosalimiana. Mtihani nao uwe na mtu anayeigiza mgonjwa, mwanafunzi apewe dakika 8 za kuzungumza naye.

Wapo wanaohofia kemia itakufa. Haitakufa, viwanda na maabara za TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa nchini, bado zinaihitaji. Hofu yangu mimi ni walimu, maana wengi wetu tulikulia maabara, na wodini tunaingia kama wageni. Bila kutupeleka sisi kwanza, mtaala mpya utabaki kwenye makabrasha.

Na mtaala haubadiliki kwa muhula mmoja. Kwa sasa, ukifika dirishani usipoulizwa, taja mwenyewe kila dawa unayotumia, na zile za mitishamba pia. Mjamzito ataje na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu madini ya chuma nayo yanaizuia dolutegraviri kufyonzwa vizuri ukivimeza pamoja bila chakula.